Chora Kilichokuwepo Tu

Penseli nilipewa nikiwa tayari na wajukuu saba, na siku hiyo nilitaka kumrushia aliyenipa. Ilikuwa Louisville, mwaka wetu wa kwanza, kwenye chumba cha chini ya kanisa ambapo watu wazima tulifundishwa Kiingereza. Waliosoma waliwekwa meza za mbele na vitabu. Sisi tulioishia darasa la pili na la tatu, akina mama watano na mzee mmoja asiyesikia vizuri, tulipewa karatasi nyeupe na kopo la penseli. Mwalimu akasema, na mkalimani akageuza: kila mtu achore familia yake, halafu tutajifunza kusema huyu ni nani.

Nikamuuliza mkalimani, "Anatuona sisi watoto?"

"Mama, chora tu. Saa itaisha."

"Mwambie mimi nimezika mume."

Hakumwambia. Nilimtazama mdomo, hakumwambia.

Nikachora kwa hasira. Lakini mkono wangu haukuwa mgeni kama walivyofikiri. Kwetu Kongo, milimani juu ya Uvira, msichana alifundishwa broderi kabla ya kufundishwa kupika. Unachora kwanza kwa kalamu ya Bic juu ya kitambaa, maua, ndege, kikapu, halafu sindano inafuata kalamu. Na kitambaa kina sheria. Ua la kulia lazima lipate mwenzake kushoto. Ndege akitazama huku, mwingine amtazame kutoka kule. Kitambaa kisicho sawa pande zote, mama mkwe wako anakitandika kwa upande wa ndani mbele ya wageni, na hakuna tusi linalozidi hilo.

Nikawapanga watoto wangu kama maua ya kitambaa cha meza, watatu huku, watatu huku, mimi katikati. Mwalimu akaja akahesabu kwa kidole. Akatazama daftari lake. Akaonyesha vidole vitano.

"Sita," nikasema. Hilo neno la Kiingereza nilikuwa nalijua.

Akatikisa kichwa kwa upole, akaonyesha tena vitano. Nikamwonyesha sita. Tukaonyeshana vidole kama watu wanaogombana sokoni bila lugha, mpaka mkalimani akaja kumwambia kwamba mmoja amebaki Burundi.

Nieleze huyo wa sita, maana yote ninayosimulia hapa ni juu yake.

Alizaliwa na mdogo wangu, na mdogo wangu alikufa siku hiyohiyo ya kumzaa. Mimi nilikuwa na kitinda mimba changu mgongoni, wa miezi minne. Nikawanyonyesha wote wawili, huyu huku na huyu huku, wakakua kama pacha. Kwetu mtoto wa mdogo wako wa kike ni mtoto wako hata mama yake akiwa hai. Mtu akikuuliza "huyu ametoka tumboni mwa nani," amekutukana, na wanaume watamwambia aondoke.

Sasa kambini, Burundi, tulikokimbilia vita, ofisa wa safari ya Marekani aliniuliza: umezaa wangapi? Nikasema sita. Sikufikiria hata kidogo. Halafu wakatuhoji mmoja mmoja, na kitinda mimba wangu, mtu mzima sasa, akaulizwa juu ya yule binti. Akajibu kama alivyofundishwa shuleni, kwamba ukiulizwa na serikali usifiche: "Ni mtoto wa mama mdogo, marehemu."

Basi. Mama amesema hivi, mwana amesema vile. Wakaandika kwamba nimedanganya. Sisi wengine tukapewa safari, yeye faili lake likatolewa pembeni. Walituambia litafuata. Nilipanda ndege ile sijamsemesha mwanangu, na sikumsemesha mpaka majani ya Louisville yakaanguka. Ndivyo nilivyokuwa nimekasirika, na niliona nina haki.

Miaka miwili faili halikufuata. Huko Burundi kwenyewe kukaanza kuchafuka, risasi mjini, kambini posho ikapunguzwa, na yule binti kila alipopiga simu alisema "niko salama, Mama" kwa sauti ile ile anayotumia mtu asiye salama.

Mwanangu akapata kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege, upande wa Gahanna, tukahamia Columbus yeye na mimi. Wakubwa wakabaki Louisville na watoto wao. Tulipanga Northland, kwenye majengo yaliyo nyuma ya barabara ya Morse, ambako unapata sombe ya barafu, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu bila kupanda basi. Na huko huko, juu ya duka la simu, tukampata mwanasheria anayesaidia wakimbizi. Msichana mwembamba, umri wa binti yangu. Akasema faili linaweza kufunguliwa upya ikiwa nitaeleza vizuri kwa nini nilisema sita. Nieleze kwa maneno yangu mwenyewe, kila kitu kilivyotokea.

Maneno yangu mwenyewe! Aliweka simu mezani, na ndani ya simu kulikuwa na mkalimani, mtu wa pwani kwa sauti yake. Nikisema neno moja, yeye anasema "samahani mama, rudia." Wanauliza alizaliwa lini. Nasema wakati wa kuvuna maharage. Wanauliza tarehe. Nasema mimi nilikuwa na msiba, sikuwa na kalenda. Wanauliza nilimchukua lini. Nasema nilimchukua. Lini? Nilimchukua! Wakinisomea walichoandika, naona ni hadithi ya mwanamke mwingine, mjinga kidogo, asiyejua watoto wake.

Mara ya tatu nilisimama nikamnyang'anya yule msichana kalamu yake. Nikageuza karatasi, nikachora jiko la mkunga wa kwetu, alikojifungulia mdogo wangu: moto, sufuria juu ya mafiga, mlango, mwanamke amekaa na mtoto mchanga. Mwanasheria akaisogeza karibu. Halafu akanong'ona kitu kwenye simu, na mtu wa pwani akasema, "Mama, anauliza huyu mwanamke wa pili upande wa kushoto ni nani."

"Hakuna mwanamke wa pili."

"Anasema yupo. Amekaa vilevile, na sufuria vilevile."

Nikatazama. Kweli yupo. Mkono wangu ulikuwa umemweka bila kuniuliza.

"Huyo ni wa kusawazisha," nikasema. "Karatasi ilikuwa inaelemea upande mmoja."

Mkalimani akacheka, Mungu amsamehe, akacheka mpaka akakohoa. Mwanasheria hakucheka. Alinyanyua ile karatasi akaniambia polepole, nami nikasubiri mkalimani ageuze: "Mama, shida yetu yote imeanza kwa sababu watu walihesabu na hesabu haikufanana. Ukimweka mtu ambaye hakuwepo, watamhesabu. Chora kilichokuwepo tu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima ya Morse, kwa sababu nilikuwa nimekasirika mno, siwezi kukaa ndani ya basi na watu. Kufundishwa na mtoto. Lakini alikuwa amesema kweli, na mimi kweli naijua hata nikiichukia.

Nikaanza kujifunza upya. Asubuhi, mwanangu akirudi kutoka ghala, analala sofani na viatu vyake vya kazi, vile vya chuma puani. Nikamchora. Mkono unataka kumwekea mwenzake upande wa pili, naukataza. Sofa moja, mtu mmoja, ukuta mtupu. Nikachora nguo zinazokauka juu ya kiti. Nikachora jirani yetu, mama wa Tanzania anayelea wazee, anavyokaa ngazini kuvua soksi kabla hajaingia ndani, ili kazi ibaki nje. Nilijifunza kwamba mtu akionekana upande mmoja, bado ni mtu mzima. Nilijifunza kuacha mahali patupu pakae patupu, na hilo lilinichukua miezi, kwa sababu kwenye broderi patupu ni uvivu.

Mwanangu aliamka siku moja akanikuta. "Mama, unanichora kama maiti?"

"Maiti havai viatu juu ya sofa yangu."

"Bon. Basi nipunguzie tumbo."

"Nachora kilichopo."

Baada ya hapo nikachora habari yote ya binti yule, karatasi nane. Mdogo wangu amelazwa. Wanaume nje wamekaa chini. Mkunga anaosha mtoto. Mimi nimempakata. Mimi nawanyonyesha wawili. Na kuendelea hivyo mpaka kambini. Mwanasheria alizipanga mezani, akaandika maelezo yangu akifuata picha moja moja, na kwa mara ya kwanza waliponisomea nilijisikia ni mimi. Akasema sasa tunahitaji mtu mmoja aliyekuwepo, ashuhudie.

Aliyekuwepo, tena mzima, alikuwa mmoja tu: yule mkunga. Watu wa kanisa waliulizana kwenye simu zao mpaka wakampata Buffalo, kwa binti yake.

Nikapanda basi peke yangu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wao, kura zimepigwa juzijuzi, na mbele ya nyumba kando ya barabara bado kulikuwa na vibao vya majina ya wagombea. Baada ya Cleveland theluji ikaanza, na Buffalo nikaikuta nyeupe kabisa, nyumba za mbao zenye ngazi za nje, na upepo unaotoka ziwani kama umetumwa kukutafuta wewe. Sijui nani alitazama ramani akasema watu wa Kivu wapelekwe pale.

Mkunga alikuwa amekaa karibu na hita, amevaa koti ndani ya nyumba, jicho moja limefumba. Nilimwita Mama Mkubwa kwa heshima, kama zamani. Tukala bugali na dagaa. Tukawalilia waliokufa, kila mmoja kwa zamu yake, hiyo ndiyo adabu. Halafu nikatandika karatasi zangu juu ya kitanda chake, yeye akawa anazisogelea kwa jicho lile moja, anapita na kidole.

Ya kwanza. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo alivyolala."

Ya pili. "Ndiyo. Wanaume walikuwa pale."

Ya tatu, mkunga anaosha mtoto. "Ndiyo. Beseni hili lilikuwa langu, na halikurudi."

Ya nne. Akakaa nayo. "Huyu nani, amepakata mtoto?"

"Ni mimi, Mama Mkubwa."

"Wapi?"

"Kwako, jikoni."

"Siku gani?"

"Siku ileile."

Akaigeuza ile karatasi chini juu. "Toa."

"Nitoe nini?"

"Jitoe. Hukuwepo."

Nikamwambia amezeeka. Nilimwambia hivyo, mwanamke aliyenizalisha watoto wanne. Hakukasirika hata kidogo, na hilo lilinichoma zaidi.

"Binti, sikia. Ulikuja ukasimama mlangoni, mtoto wako mgongoni. Nikakwambia pokea. Ukasema, 'Maziwa ni ya mmoja.' Ukachukua kidumu ukaenda kuchota maji."

"Mdogo wangu alikuwa hajazikwa!"

"Najua. Sikukulaumu siku ile, sikulaumu leo. Siku mbili nimempa maziwa ya ng'ombe, nachovya kitambaa, ananyonya kitambaa. Siku ya tatu ukaja umenuna, ukamnyakua kama mimi nimekuibia. Bon, ulimchukua. Lakini usinitoe mimi jikoni kwangu ukajiweka wewe."

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za nje, kwenye theluji, bila koti. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja ile ngazi kwa mikono. Kwa sababu nilikuwa nakumbuka. Si kwamba nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeweka kitu kingine juu yake, mwaka baada ya mwaka, kama uzi unavyofunika wino.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa na mwanamume niliyesema hamfai. Tulirushiana maneno, na tangu wakati wa kupanda maharage hadi kuyavuna hatukusemeshana. Halafu akafa, akaniachia mtoto na ugomvi vyote pamoja. Mimi niliposimama mlangoni pale sikuona yatima. Niliona mtoto wa mtu niliyemkasirikia. Hiyo ndiyo kweli, na ni chafu, na imekaa nami zaidi ya miaka ishirini.

Baridi ndiyo iliyonirudisha ndani. Nikaomba karatasi. Mama Mkubwa hakuwa nayo. Akanipa nyuma ya kalenda ya kanisa. Nikachora jiko lake, yeye na mtoto magotini, kitambaa kimechovywa. Mlango wazi. Nje ya mlango mimi, nimegeuka, mtoto wangu mgongoni, kidumu mkononi. Upande wote wa kulia ukabaki mtupu.

Akaitazama kwa muda mrefu. "Hii naweza kuiwekea kidole," akasema. Tena akaniuliza, "Binti mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Basi asiisikie kutoka kwa ofisi."

Columbus, mwanangu alipoiona alishika kichwa. "Mama, hapana. Hii inaua faili. Watasema hata wewe ulimkataa. Tupeleke ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza ni uongo."

"Donc, kumbe leo ndiyo unataka ukweli?" Alisimama, viatu vyake vya chuma vikagonga sakafu. "Mimi nilisema ukweli Burundi, neno moja, ukaninunia mpaka Louisville! Mtoto nimekua naye, titi moja, na umenifanya mimi ndiye niliyemwacha!"

Hakuwahi kunipandishia sauti kabla ya siku ile. Nilifungua mdomo nimkanye, kwa sababu ni mwanangu na mimi ni mama yake. Badala yake nikamwambia, "Piga picha hiyo karatasi. Mtumie dada yako."

Aliituma. Tukakaa na simu mezani katikati yetu, hatutazamani. Kule mtandao huja na kuondoka, na picha ilichukua muda kufika. Halafu simu ikalia.

"Mama," binti akasema. "Huyu mwenye kidumu ni wewe?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mlango, maziwa ya mmoja, mama yake na ugomvi wetu. Sikulia, mimi nikisema jambo zito sauti inakuwa kavu kama ya kukaripia, na nadhani nilisikika kama namkaripia yeye. Kule upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anapasua kuni.

"Ulinikataa siku ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Mbili." Akaguna. "Hawa wa ofisi wananikataa mwaka wa tatu huu, na hakuna hata mmoja aliyerudi siku ya tatu. Mama, iweke. Iweke hivyo hivyo."

Mwanangu akageukia ukuta.

"Nani alininyonyesha hizo mbili?"

"Maziwa ya ng'ombe. Kwa kitambaa."

"Ndiyo maana sipendi maziwa," akasema, na nikasikia kwamba analia na anacheka. "Lakini umekosea. Mtoto umemchora amenyamaza. Mimi, ninavyojijua, nilinyamaza?"

Hakunyamaza. Nilimsikia siku zote mbili, kutoka kwangu mpaka kwa mkunga ni kurusha jiwe tu. Nikachukua penseli nikarekebisha, yeye akiwa bado kwenye simu.

Kwa mwanasheria nilikwenda na basi la Morse, karatasi kifuani chini ya koti. Aliipokea, akaitazama, akaita mtu wa pwani kwenye simu. Kisha mwanasheria akasema kwamba lazima anionye: ofisi inaweza kuisoma vibaya.

"Wameshasoma vibaya," nikasema. "Waliposikia neno zuri walisoma vibaya. Andika. Mtoto analia, shangazi yake anamsikia, hachukui. Siku ya tatu anachukua. Kuanzia hapo ni mama yake."

"Kwenu ni shangazi au mama mkubwa?" mkalimani akauliza, mwenyewe, bila kuulizwa. "Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, siyo shangazi."

Alikuwa na haki, na mimi kwa hasira nilikuwa nimeanza kusema kama wao. "Mama mkubwa," nikasema. "Andika hilo, tena uwaeleze kwamba ndani yake lina neno mama."

Wakapeleka yote: picha nane, kidole cha mkunga, na maelezo. Wakatuchukua mate mimi na mwanangu kwa kijiti cha pamba, na binti kule vilevile, ili mashine ipime undugu wetu, iseme kile ambacho safari hii mimi nilikuwa nimeshasema.

Barua ilirudi wakati wa joto. Mwanangu aliisoma amesimama, akarudia tena, akaniambia faili limefunguliwa, binti ameingizwa kwenye orodha, ataitwa kuhojiwa.

"Lini?"

"Hawajasema lini."

Nikaendelea kuchambua sombe. Yeye akasimama pale mlangoni mwa jiko na ile barua, anasubiri nipige kigelegele.

"Mama, furahi basi. Wewe hata Mungu akikupa unamnunia."

"Anipe kwanza," nikasema.